Homa Iliyokuja na Malengelenge

Tosamaganga ni mahali pa baridi. Miezi ya Juni na Julai mafua ni mengi. Mtu akisema, "Mwili unaniuma," jirani humjibu, "Ni baridi tu, mama." Mara nyingi jirani amesema kweli. Lakini si mara zote.

Tumfikirie mama mmoja mkulima. Jumatatu alirudi kutoka kuvuna mahindi amechoka kuliko siku zote. Usiku alitetemeka. Kichwa kilimwuma, na mgongo, na mapaja. Kesho yake akawa na uvimbe kwenye kinena, yaani mitoki. Hakukohoa. Hakuwa na makamasi. Siku ya tatu alipokojoa alisikia maumivu ya kuwaka. Akajitazama, akaona malengelenge madogo madogo katika sehemu za siri, kama ya mtu aliyeungua na maji moto.

Alikwenda zahanati. "Kamwene, dada," alimwambia muuguzi. "Nina homa." Malengelenge hakuyataja, aliona haya. Alipimwa malaria, hakuwa nayo. Akapewa dawa ya maumivu, akarudi nyumbani na siri yake. Haya yake tunaielewa, lakini ilimchelewesha siku mbili.

Aliporudi alisema yote. Muuguzi alimtazama, akamwambia, "Mama, huna magonjwa mawili. Homa hii na malengelenge haya ni ugonjwa mmoja."

Ugonjwa huu huitwa malengelenge ya sehemu za siri. Waganga huuita pia hepesi. Huletwa na virusi, navyo hupita kutoka ngozi hadi ngozi wakati wa kujamiiana. Kwa kawaida dalili huanza kati ya siku ya 2 na ya 12. Mara ya kwanza mwili haujavijua virusi hivi, kwa hiyo hupigana navyo kwa nguvu nyingi. Mapigano hayo ndiyo huleta homa, uchovu, kuumwa kichwa na mitoki.

Malengelenge hupasuka yakawa vidonda. Mara ya kwanza vidonda huweza kukaa wiki 2 hadi 4, kisha hupona. Virusi havitoki. Hujificha katika mishipa ya fahamu karibu na uti wa mgongo. Vikirudi, mara nyingi homa haipo au ni ndogo, na vidonda hupona mapema.

Mume wa mama huyu aliuliza, "Nani ameleta ugonjwa huu?" Swali hili limevunja nyumba nyingi. Watu wengi wana virusi hivi na hawajaona kidonda hata kimoja, lakini wanaweza kuambukiza. Mwingine hukaa navyo miaka kabla ya kuona lengelenge la kwanza. Basi lengelenge la leo halimtaji mkosaji, wala halisemi ni la mwaka gani.

Wala ugonjwa huu si wa nadra. Mwaka 2000 wanawake 600 waliofanya kazi katika baa za mkoa wa Mbeya walipimwa. Kiasi cha 87 katika kila 100 walikuwa na virusi hivi.

Dawa ya kuviondoa kabisa haipo. Vidonge vya asaiklovia hupunguza maumivu na siku za vidonda, hasa vikianzwa mapema. Akojoapo, mgonjwa ajimwagie maji ya vuguvugu ili mkojo usimchome sana. Asijamiiane mpaka apone kabisa. Kondomu husaidia, ingawa haifuniki ngozi yote. Apime pia virusi vya UKIMWI, kwa sababu mwenye hepesi huviambukizwa kwa urahisi zaidi, kiasi cha mara 3. Mama mjamzito amwambie mkunga, maana mtoto anaweza kuambukizwa wakati wa kuzaliwa.

Kichwa kikiuma sana na shingo ikakakamaa, au mkojo ukikataa kutoka, mgonjwa apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Maswali
1. Ni dalili gani zilionyesha kwamba haya hayakuwa mafua?
2. Mume alikosea wapi alipotafuta wa kulaumiwa?
3. Andika sentensi mbili ambazo mama angemwambia muuguzi siku ya kwanza.