Dawa ya mtoto si dawa ya mbwa



Baba mmoja alirudi dispansere na mtoto wake. Sikio lilikuwa lingali linatoa usaha. Nikamwuliza: «Tulikupa amoksisilini ya siku saba. Iko wapi?» Akajibu kwa haya: «Munganga, mbwa wetu alikuwa anahara, nikampa nusu.» Mbwa alikufa, na mtoto hakupona.

Basi tujifunze makosa yaliyo ndani ya habari hii.

1. Antibiotiki huua bakteria, haiui virusi. Mbwa mdogo anayetapika na kuhara damu huenda ana ugonjwa wa parvo, unaoletwa na virusi. Kichaa cha mbwa pia huletwa na virusi. Kinga ya magonjwa hayo ni chanjo.

2. Dawa ya siku mbili huweza kuua vijidudu dhaifu tu. Vyenye nguvu huweza kubaki na kuzaana. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alituonya juu ya hatari hiyo tangu 1945.

3. Mbwa na paka hukaa nasi nyumbani, hulamba mikono ya watoto. Vijidudu vilivyozoea dawa huweza kutoka kwa mnyama na kumwingia mtu, hata kutoka kwa mtu kwenda kwa mnyama. Siku mtoto atakapougua, dawa ileile inaweza kushindwa.

4. Kipimo cha mtu si kipimo cha mnyama. Kidonge kimoja tu cha parasetamoli kinaweza kumwua paka.

Tufanye nini?

— Mgonjwa anywe dawa yake yote kama alivyoandikiwa. Tusiweke akiba, tusigawe.

— Mnyama akiugua, tumpeleke kwa munganga wa wanyama. Yeye ndiye atakayejua kama antibiotiki inatakiwa, ipi, na ya siku ngapi.

— Mbwa na paka wote wachanjwe kichaa.

— Mtu akiumwa na mbwa, tusinyunyize unga wa kapsuli juu ya kidonda. Tukioshe kwa maji mengi na sabuni muda wa dakika 15, kisha aje dispansere siku ileile. Asingoje kusikia maumivu: kichaa kikisha kuonekana, karibu hakuna anayepona.

Mbwa analinda nyumba yako usiku unapokuwa kazini. Mtunze vema. Lakini dawa ya mtoto, mwachie mtoto.