Kifafa Nyumbani: Kijitabu kwa Familia za Eastlands

Mtu akishikwa na kifafa kwenye ploti ya Kayole, Dandora au Pipeline, sauti ya kwanza kusikika huwa, "Msimguse!" Majirani wanarudi nyuma, mmoja anakimbilia kijiko, mwingine anawasha kiberiti ili amnusishe moshi. Muda huo wote kichwa cha mgonjwa kinagonga simiti.

Mguseni. Kifafa hakiambukizwi kwa povu, mate, mkojo wala hewa inayomtoka mgonjwa. Ni ugonjwa wa ubongo. Chembe za ubongo huwasiliana kwa umeme mdogo sana, na umeme huo ukifumka ghafla bila mpangilio, fahamu hupotea na mwili ukakakamaa na kutetemeka. Chanzo chaweza kuwa mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, malaria iliyopanda kichwani, homa ya uti wa mgongo, viluwiluwi vya tegu wa nguruwe vilivyofika ubongoni, au jeraha la kichwa kama yale ya ajali za bodaboda. Kwa wengi chanzo hakionekani hata baada ya vipimo. Kurogwa na laana ya ukoo havimo.

Kifafa kikimshika mtu, tazama saa. Sogeza jiko na vitu vyenye ncha, mwekee sweta iliyokunjwa chini ya kichwa, legeza kola au tai ya shule. Usimkandamize. Usimtie chochote mdomoni: ulimi haumezwi, ila kijiko huvunja meno. Mtetemo ukiisha, mlaze ubavu mate yatoke, ukae naye mpaka ajue alipo. Mpeleke hospitali mara moja mtetemo ukizidi dakika 5, ukirudi kabla hajazinduka, au ikiwa ndiyo mara yake ya kwanza, ni mjamzito, ameumia au alikuwa ndani ya maji.

Si kila kifafa huangusha. Mtoto anayekodoa macho sekunde chache darasani, kisha anaendelea kana kwamba hakuna lililotokea, huenda hapuuzi somo. Mzazi, kabla ya kumchapa, mpeleke akapimwe.

Sasa tuingie nyumbani, maana katika chumba kimoja mtu hupika, hula na kulala hatua mbili kutoka kwenye moto. Majeraha mabaya ya kifafa mara nyingi ni ya kuungua. Jiko la mkaa au stovu ya mafuta taa isikae sakafuni anapoweza kuiangukia. Iwe mahali palipoinuka, imara, penye ukingo, na awepo mtu mwingine anapopika. Sahani ndiyo ipelekwe kwenye sufuria, si sufuria ya uji unaotokota kuzungushwa chumbani. Bafu ni la ploti nzima? Asifunge komeo. Atundike leso mlangoni, amwambie jirani anaingia kuoga, aoge kwa karai akiwa ameketi. Kuanika nguo juu ya paa la ghorofa aende na mwenzake. Kwenye kitanda cha ghorofa, alale cha chini. Kwenye matatu akae mbali na mlango.

Halafu dawa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu milioni 50 wana kifafa, na kwamba hadi asilimia 70 wangeweza kuishi bila kushikwa kama wangepimwa na kutibiwa inavyofaa. Fenobabitoni, inayotumika tangu 1912, bado ni miongoni mwa dawa za bei nafuu. Kinachowaangusha wengi ni kuacha vidonge wakishapata nafuu. Kuacha dawa ghafla kunaweza kuleta mitetemo mfululizo inayoua. Nenda kuchukua dawa wiki moja kabla hazijaisha. Kukesha na pombe pia huchokoza kifafa. Maombi yaendelee, lakini yasichukue nafasi ya kidonge.

Kina dada, mwambieni daktari mapema mkipanga kuzaa. Sodiamu valproeti inaweza kumdhuru mtoto tumboni, na baadhi ya dawa za kifafa, kama kabamazepini, hupunguza nguvu ya vidonge na vipandikizi vya kupanga uzazi. Ukigundua una mimba, usiache dawa za kifafa mwenyewe; rudi kliniki upesi.

Anzia kituo cha afya kilicho karibu, ambako unaweza kupewa barua ya kwenda Hospitali ya Mama Lucy Kibaki. Shirika la KAWE, lililoanzishwa Nairobi mwaka 1982, linahudumia watu wenye kifafa. Kabla ya kwenda, mgonjwa akishikwa, mtu mmoja amhudumie na mwingine amrekodi video kwa simu. Daktari hujifunza mengi zaidi kwa video ya dakika moja kuliko kwa maelezo ya "alianguka tu". Video hiyo ni ya daktari peke yake. Isitumwe kwenye kikundi cha WhatsApp cha ploti.

Leo jioni mwambie mwalimu, keyateka na jirani wa mlango wa pili: dawa zinakaa wapi, na simu ya nani ipigwe.