Vipokezi vya Seli na Protini za Saratani ya Ini

Panya akikatwa theluthi mbili za ini lake, ini hilo hurudia uzito wake katika muda wa siku 7 hadi 10 hivi. Jaribio hilo, lililoelezwa na Higgins na Anderson mwaka 1931, lastahili kukumbukwa na kila mwanafunzi wa biolojia. Ajabu yake haimo katika kukua tu, bali katika kukoma: ini likisha kutimia, seli zake huacha kugawanyika. Katika saratani ya ini amri ya kugawanyika husikika, lakini ya kukoma haisikiki.

Amri hizo hupokewaje? Seli ya ini imezungukwa na utando ambao protini zitokazo nje haziwezi kuupenya hivi hivi. Kwa hiyo utandoni zimepachikwa protini maalum ziitwazo vipokezi, sehemu moja ikiwa nje ya seli na nyingine ndani. Kimojawapo ni MET, ambacho mwaka 1991 kilibainika kuwa ndicho kinachopokea kichochezi cha ukuaji wa seli za ini, HGF.

Kichochezi kikinasa sehemu ya nje, vipokezi viwili huungana, na sehemu zao za ndani, ambazo ni vimeng'enya, hubandikana fosfeti. Ndiyo ishara yenyewe. Protini iitwayo RAS huipokea na kuiamsha RAF. RAF huiamsha MEK, na MEK huiamsha ERK, ambayo huingia katika kiini cha seli. Kichochezi hakihitaji kufika huko. Ujumbe ndio unaosafiri.

Hapa pana jambo linalokosewa mara kwa mara darasani. Seli ya ini ina jeni zilezile zilizomo katika seli ya ngozi. Tofauti ni jeni zipi zinazosomwa. ERK huzibandika fosfeti protini zinazosimamia usomaji wa DNA, na jeni zilizokuwa kimya hunakiliwa kuwa RNA-mjumbe, ambayo ribosomu huifuata katika kutengeneza protini. Mojawapo ya protini hizo ni saiklini D1, inayoisukuma seli kugawanyika. Katika ini zima protini hii huongezeka kwa muda, kisha hupungua. Katika uvimbe wa saratani huenda vipokezi vimezidi idadi, au vichochezi havikatiki, au njia ya ndani imebaki wazi. Kosa haliko daima mahali pamoja.

Breki nayo yaweza kuharibika. Sumukuvu, itokanayo na kuvu wa mahindi na karanga zilizohifadhiwa zikiwa na unyevu, huweza kubadili herufi moja ya jeni ya p53, protini ambayo kwa kawaida huizuia seli yenye DNA mbovu isigawanyike. Virusi vya homa ya ini aina ya B navyo huingia kwa mlango uliokwisha kuwapo: mwaka 2012 watafiti wa Beijing walionyesha kwamba hushika NTCP, protini ya utandoni ambayo kazi yake halali ni kuingiza chumvi za nyongo.

Mabadiliko ya usomaji wa jeni huonekana hata katika damu. Ini la mtoto aliye tumboni hutoa protini iitwayo AFP, ambayo hupungua mno baada ya kuzaliwa. Mwaka 1963 Abelev, huko Moscow, aliikuta katika panya wenye uvimbe wa ini, na mwaka uliofuata Tatarinov akaikuta kwa wagonjwa. Kuamka kwake hakutokani na kipokezi kimoja tu, wala si kila uvimbe huitoa. Ndiyo maana kipimo chake hutumiwa pamoja na picha za mawimbi ya sauti.

Dawa ya sorafenib huizuia RAF pamoja na vipokezi vya ukuaji wa mishipa ya damu inayoulisha uvimbe. Katika jaribio la wagonjwa 602, ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2008, nusu ya waliopewa dawa waliishi zaidi ya miezi 10.7, nusu ya waliopewa vidonge visivyo na dawa waliishi zaidi ya miezi 7.9. Tofauti si kubwa, kwa kuwa seli iliyozibiwa njia moja huweza kuipitisha ishara katika kipokezi kingine, MET kikiwa kimojawapo.