Chama cha Waimbaji Huishije Miaka Mia?

Katika nchi za Ulaya uko mchezo uitwao opera. Ni mchezo wa kuigiza kama michezo mingine, ila maneno yake huimbwa badala ya kusemwa, nao wapigaji ala huketi chini mbele ya jukwaa wakifuatana na waimbaji. Katika mji wa Milano, nchi ya Italia, ipo nyumba ya opera iitwayo La Scala, iliyofunguliwa mwaka 1778, na hata leo watu hufurika humo. Waimbaji, wapigaji ala, washonaji mavazi na makarani wote hutaka ujira. Basi mwenye sauti nzuri hatoshi peke yake. Hapana budi pawe na watu wa kuitunza kazi yenyewe.

Katika Afrika ya Mashariki, jambo lililo karibu na hilo ni vyama vya taarabu vya Unguja. Taarabu si mchezo wa kuigiza. Mwimbaji huimba shairi, na wenzake humfuata kwa udi, kanuni, fidla, nai na dumbaki. Lakini shida za uongozi ni zile zile, na wasomaji wetu wa Makutano, pamoja na ndugu zao wote wa Meru na Embu wenye kwaya na vikundi vya ngoma, watapata la kujifunza humo.

Taarabu ya kwanza ilikuwa ya jumba la mfalme. Husimuliwa kwamba Seyyid Barghash, aliyetawala Unguja tangu mwaka 1870 hata 1888, alileta wapigaji kutoka Misri, kisha akampeleka Mohamed Ibrahim huko huko Misri akajifunze kanuni. Muziki huo ulikuwa mzuri, lakini ulikuwa na mlezi mmoja. Akipenda, hupigwa, asipopenda, hunyamaza. Mti wenye mzizi mmoja hauhitaji upepo mkali kuung'oa.

Mwaka 1905 vijana wa mjini Unguja walianzisha chama chao wenyewe, wakakiita Ikhwani Safaa. Jina hilo ni la Kiarabu, maana yake ndugu wenye moyo safi, nalo ndilo jina la wanazuoni wa kale wa Basra. Hapo ndipo jambo lilipogeuka. Sasa muziki ulikuwa na wanachama, si mlezi mmoja tu, na waliopiga na kuimba ndio waliokuwa wenye chama.

Siku hizo alikuwapo pia Marehemu Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, aliyeimba kwa Kiswahili. Mwaka 1928 alisafiri na wenzake mpaka Bombay, wakatiwa katika sahani za santuri, na sauti yake ikasikika pwani na bara. Alifariki mwaka 1950, na Sheikh Shaaban Robert akaandika wasifu wake. Nyimbo zake zimebaki, lakini sauti yake haikuweza kurithiwa. Mwimbaji hodari ni tunu kwa chama, wala si badala ya chama.

Ikhwani Safaa walijua pia kubadilika. Hapo kwanza waliimba kwa Kiarabu, nao walikuwa wanaume watupu. Baadaye wakaimba kwa Kiswahili, lugha ya wasikilizaji wao, na wanawake wakaingia kuimba pamoja nao. Wazee wakikataa kila jipya, vijana hutoka wakaanzisha chao, na kiongozi mwenye busara hulitazama jambo hilo mapema.

Mapinduzi ya Januari 1964 yaliuondoa Usultani wa Unguja, lakini Ikhwani Safaa haikuondoka nao. Jirani yao, Culture Musical Club, kilichoanza mwaka 1958 kwa jina la Shime Kuokoana, kiliingia chini ya Serikali baada ya Mapinduzi, na baadaye kikasimama peke yake. Mwaka 2005 Ikhwani Safaa ilitimiza miaka 100. Katika miaka hiyo yote kiti kilikaliwa na watu mbalimbali, na chama kikabaki.

Kwa hiyo kikundi kitakacho kudumu na kiyashike mambo haya. Kwanza, viongozi wachaguliwe kwa muda uliotajwa, nao ni mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Pili, ngoma, mavazi na vyombo viandikwe katika daftari kuwa ni mali ya chama. Kama sivyo, akifariki mwenye nyumba vilimowekwa, warithi watavigawana. Tatu, fedha zihesabiwe mbele ya wote, maana chama huvunjwa na shilingi moja isiyojulikana ilipokwenda kabla ya kuvunjwa na sauti mbaya. Nne, kila mjuzi awe na mwanafunzi wake, mvulana au msichana.

Maswali ya kujadiliana:

1. Kwa nini muziki wa jumbani ulikuwa katika hatari kuliko muziki wa chama?

2. Ikhwani Safaa walibadili mambo gani mawili, na yaliwafaa nini?

3. Katika kikundi chenu, ngoma ni mali ya nani, na ni wapi palipoandikwa hivyo?