Karatasi Yako Isingoje Yao: Malipo ya Fundi na Mkandarasi Mdogo

Kamachumu, kama kwingineko wilayani Muleba, kazi nyingi za ujenzi huanza kabla karatasi hazijakamilika. Mvua za vuli hazisubiri saini, na shule inataka madarasa Januari. Kazi ikiisha na malipo yasije, fundi humlaumu mlipaji kwa roho mbaya. Ipo roho mbaya, lakini tunaona tatizo kubwa liko kwingine: hata mhasibu mwenye nia njema hana cha kulipia. Kinachomruhusu kulipa ni hati inayoonyesha kwamba ukuta uliagizwa, ukapimwa na ukapokelewa. Tangu Oktoba 2023 ununuzi wa umma unapita kwenye mfumo wa kielektroniki wa NeST, hivyo kazi isiyoonekana humo inampa sababu nyingine ya kurudisha madai. Ndiyo maana fundi asikae akingoja karatasi za ofisi. Aanze na zake.

Wapo watakaosema kwamba sheria inamlinda hata bila maandishi. Ni kweli kwa sehemu. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inatambua makubaliano ya mdomo, na aliyenufaika na kazi ambayo haikufanywa kwa hisani anaweza kutakiwa kuilipia. Lakini anayedai ndiye anayepaswa kuthibitisha, na mashahidi wa mdomo husahau au huhamishwa kituo. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaruhusu ujumbe wa simu kuwa ushahidi. Kabla ya kuchimba, basi, andika: "Tumekubaliana leo nianze msingi wa madarasa mawili kwa bei ya BOQ (orodha ya kazi na bei) uliyonipa, nilipwe nikifika lenta. Kama sivyo, nijulishe." Kimya cha mpokeaji si saini, ila kitamwia vigumu baadaye kusema hakujua.

Hatari kubwa zaidi ni kazi ya nyongeza. Mkuu wa shule anapita, anaomba ngazi iongezwe au choo kisogezwe, na fundi anaitikia kwa heshima. Nyongeza hiyo haimo kwenye BOQ, na kwa kawaida mkuu wa shule peke yake hana mamlaka ya kuiidhinisha. Katika miradi ya force account, yaani ile ambayo taasisi husimamia ujenzi yenyewe, kuna kamati za manunuzi, mapokezi na ujenzi, na kuna mhandisi wa halmashauri; nyongeza ipate idhini ya maandishi kwanza. Kazi iliyokubaliwa nayo ikatwe vipande: msingi, lenta, kupaua. Kila kipande kipimwe na kusainiwa kabla hakijafunikwa, kwa sababu nondo zikishamwagiwa zege hakuna atakayezihesabu.

Kwa mwenye nyumba binafsi, pingamizi huwa la aibu. Anajenga kijijini akiwa Dar es Salaam, nduguye anasimamia, na ahadi ni kwamba utalipwa kahawa ikiuzwa. Kudai maandishi kwa watu mnaozikana kunaonekana ni kukosa imani. Sisi tunaona kinyume chake: ugomvi mbaya huzuka pale kila mmoja anapokumbuka bei yake, na msimamizi anapobaki katikati bila jibu. Ukurasa mmoja wenye bei, hatua na tarehe unamwokoa hata yeye.

Hofu ya kunyimwa kazi ijayo ni nzito zaidi, na hatuidharau. Lakini barua fupi ya kukumbushia deni, yenye nakala iliyogongwa muhuri wa mapokezi, si ugomvi. Ukimpata mdaiwa akakiri deni kwa maandishi na kusaini kabla muda haujaisha, ukomo wa miaka 6 wa madai ya mkataba huanza kuhesabiwa upya. Ikibidi kwenda mahakamani dhidi ya halmashauri, tangu mabadiliko ya sheria ya 2020 unatakiwa kutoa kwanza notisi ya siku 90, nakala ikienda kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali.