Biblia Si Kichaka cha Kujifichia



Siku hizi mtu hahitaji kuikataa Biblia ili aendelee na dhambi yake. Anaweza kuishika mkononi na kuitafutia aya. Mlevi anamtaja Timotheo. Mwenye nyumba ndogo anamtaja mfalme Daudi. Anayempiga mke wake anamtaja Mtume Paulo. Na anayeonywa na ndugu zake anaandika kwenye simu yake kwamba Mungu peke yake ndiye wa kumhukumu. Katika somo hili tutazame kosa hili linavyotokea, kisha tujifunze kanuni ambazo Kanisa limetupatia ili tuliepuke.

Kosa la zamani

Jangwani, shetani alimtaka Yesu ajitupe chini kutoka kinara cha hekalu, naye alitumia Zaburi ya 91 kumshawishi (Mt 4:5-7). Maneno aliyoyataja yamo kweli katika Zaburi hiyo. Lakini tutazame alichokiacha. Zaburi inasema malaika watamlinda anayemtumainia Mungu katika njia zake zote. Katika Injili ya Mathayo, maneno hayo ya njia hayamo kinywani mwa shetani. Kujitupa chini ili kumjaribu Mungu si njia ya anayemtumainia. Tena alikomea hapo, asifike kwenye aya inayofuata, ambayo inasema mtu huyo atamkanyaga simba na nyoka.

Yesu naye alijibu kwa Maandiko, kutoka Kumbukumbu la Torati 6:16. Hakuitupa Zaburi, bali aliisoma pamoja na Torati. Hapo tunaona kwamba aya ya kweli inaweza kutumiwa kwa uongo ikikatwa kutoka mahali pake.

Kanuni za Kanisa

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati *Dei Verbum* ya mwaka 1965 (na. 12), unatuelekeza kwanza tutafute kile ambacho mwandishi mtakatifu alikusudia kusema. Kisha unatupa mambo matatu ya kuzingatia, ambayo Katekisimu inayarudia (KKK 112-114): umoja wa Maandiko yote, Mapokeo hai ya Kanisa zima, na ulinganifu wa imani, yaani jinsi kweli za imani zinavyoshikamana. Tuzipime kwa kanuni hizo aya nne tunazozisikia mara nyingi.

1. Msihukumu (Mt 7:1). Wengi huishia hapo. Tukisoma mpaka aya ya 5, Yesu anamwagiza mtu aondoe kwanza boriti katika jicho lake, ndipo aone vema kukitoa kibanzi katika jicho la ndugu yake. Kwa hiyo kibanzi kinapaswa kutoka. Yesu huyohuyo anatuagiza tumwendee ndugu aliyekosa na kumwonya tukiwa naye peke yake (Mt 18:15). Kinachokatazwa ni kujifanya hakimu wa moyo wa mtu, au kumdhania mwenzetu kosa bila msingi wa kutosha (KKK 2477). Kuwaonya wakosefu ni mojawapo ya matendo ya huruma ya kiroho. Mama anayemwambia mwanawe kwamba wizi ni dhambi hajamhukumu, amempenda. Ila anayeonya naye asisahau boriti yake.

2. Divai ya Timotheo (1Tim 5:23). Paulo anamshauri Timotheo atumie divai kidogo kwa sababu ya tumbo lake na maradhi ya mara kwa mara. Ni ushauri kwa mgonjwa, tena wa kiasi kidogo. Katika barua hiyohiyo, sura ya 3, anasema askofu asiwe mlevi, wala mashemasi wasiwe watu wa divai nyingi. Divai yenyewe si uovu: Yesu aliitengeneza Kana, nasi tunaitumia katika Misa Takatifu. Uovu ni kupita kiasi. Katekisimu inafundisha kwamba anayehatarisha usalama wa watu barabarani kwa sababu ya ulevi ana hatia kubwa (KKK 2290).

3. Wake wa Daudi. Biblia inaposimulia jambo, haina maana kwamba inaliagiza. Baada ya Daudi kumchukua mke wa Uria na kumwua mumewe, nabii Nathani alitumwa kumkabili, na matunda machungu ya tendo lile yaliiandama nyumba yake (2Sam 11-12). Juu ya ndoa, Yesu anaturudisha mwanzo, kwa mume mmoja na mke mmoja wanaokuwa mwili mmoja (Mt 19:4-6). Anayemtaja Daudi kama kinga amfuate basi mpaka mwisho: Daudi alipoambiwa kosa lake hakujitetea, alikiri kwamba amemtenda Bwana dhambi.

4. Utii wa mke (Efe 5:22). Aya iliyotangulia inawataka wote watiiane kwa kumcha Kristo. Aya ya 25 inamtaka mume ampende mkewe kama Kristo alivyolipenda Kanisa, akajitoa kwa ajili yake. Kristo hakulipiga Kanisa. Yeye ndiye aliyepigwa kwa ajili yake. Papa Fransisko, katika *Amoris Laetitia* (2016, na. 156), anakataa wazi tafsiri potovu za maneno haya ya Paulo.

Hasara yake

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Mwenye dhambi anayejua kwamba amekosa yuko karibu na mlango wa kitubio. Yule aliyejipatia aya ya kumtetea hana tena la kuungama. Mungu hajamnyima msamaha. Yeye mwenyewe haoni sababu ya kuuomba. Na mara nyingi wanaoumia ni wengine: mke aliyepigwa, watoto waliokosa ada kwa sababu ya pombe.

Basi, kila tunapotaka kutumia aya, tujiulize:

- Je, nimesoma sura nzima, au sentensi moja tu?
- Je, Kanisa linafundisha nini juu ya jambo hili?
- Je, aya hii naitumia ili nibadilike, au ili nisibadilike?

Swali la tatu tulichukue katika kuchunguza dhamiri kabla ya Sakramenti ya Kitubio. Ikiwa kuna aya tunayoipenda kwa sababu tu inatuacha tulivyo, tuifungue tena, tusome iliyotangulia na inayofuata, na tumwombe Roho Mtakatifu atupe moyo wa Daudi mbele ya Nathani.