Kufundisha Jedwali la Elementi kwa Njia ya Nafasi Iliyo Wazi

Mara nyingi Jedwali la Elementi hufundishwa kama orodha ya majina. Wanafunzi huyaimba mpaka wayakariri, na mtihani ukipita huyasahau. Kosa si lao, kwani wamepewa jibu bila kuonyeshwa swali. Makala haya yanaeleza somo moja linalomwezesha mwanafunzi kulifikia jedwali kwa kufikiri kwake mwenyewe.

Asili ya jedwali

Mwaka 1869 mwanakemia Mrusi, Dmitri Mendeleev, alizipanga elementi 63 zilizojulikana wakati huo kwa kufuata uzito wa atomu zake. Aliona kwamba tabia za elementi hujirudia baada ya vipindi. Pale ambapo elementi haikulingana na wenzake, hakuilazimisha, bali aliacha nafasi wazi, akatabiri kuwa kuna elementi ambayo bado haijaonekana. Kwa nafasi mojawapo, iliyo chini ya silikoni, alitabiri uzito wa atomu wa 72 hivi. Mwaka 1886 Mjerumani Clemens Winkler aligundua jermaniamu, ambayo uzito wake ni 72.6. Utabiri huo ungeweza kushindwa mbele ya watu wote. Haukushindwa, na ndiyo maana jedwali likaaminiwa.

Vifaa

Kata kadi 16 kutoka katika maboksi makuukuu. Katika kila kadi andika jina la elementi, uzito wa atomu, na katika mabano idadi ya atomu za haidrojeni ambazo atomu moja huungana nazo: lithiamu 7 (1), beriliamu 9 (2), boroni 11 (3), kaboni 12 (4), naitrojeni 14 (3), oksijeni 16 (2), florini 19 (1), sodiamu 23 (1), magnesiamu 24 (2), aluminiamu 27 (3), silikoni 28 (4), fosforasi 31 (3), salfa 32 (2), klorini 35.5 (1), potasiamu 39 (1), kalsiamu 40 (2).

Hatua za somo

1. Ondoa kadi ya silikoni kwa siri. Kipe kila kikundi kadi 15 zilizochanganywa.

2. Waagize wanafunzi wazipange kwa kufuata uzito, kisha wasome kwa sauti namba zilizo katika mabano. Watasikia wenyewe kwamba namba zinapanda hadi 4, zinashuka, kisha zinaanza tena.

3. Waagize wazipange katika safu za kadi saba saba. Fosforasi (3) itaangukia chini ya kaboni (4). Uliza, "Je, hawa ni ndugu?" Kisha nyamaza. Kikundi kimoja kitaisogeza fosforasi chini ya naitrojeni na kuacha pengo. Kikundi kingine kikikataa pengo, kitetee mpangilio wake mbele ya darasa.

4. Kila kikundi kitabiri uzito na namba ya kadi iliyopotea. Andika majibu yote ubaoni kabla ya kuitoa kadi. Wengi watasema uzito ni 29 hivi, na namba ni 4.

5. Onyesha kadi, kisha konzi ya mchanga wa mtoni. Elementi waliyoitafuta imo mkononi mwako, imeungana na oksijeni.

Mambo ya kuangalia

Usiifanye hatua ya nne kwa haraka. Mwalimu akitoa kadi kabla ya utabiri kuandikwa, somo lote huwa mchezo wa karata tu.

Eleza kwamba heliamu, neoni na agoni hazimo katika kadi kwa sababu Mendeleev hakuwa nazo. Agoni ilitambuliwa mwaka 1894. Eleza pia kwamba leo elementi, ambazo idadi yake ni 118, hupangwa kwa idadi ya protoni wala si kwa uzito. Msingi huo ulitokana na kazi ya Mwingereza Henry Moseley mwaka 1913.

Mwisho, usimwache mwanafunzi aamini kwamba atomu ya shaba ni nyekundu. Rangi ni tabia ya atomu nyingi zikiwa pamoja.

Zoezi kwa mwanachuo

Rudia somo kwa kuondoa kadi ya salfa. Je, utabiri utakuwa rahisi zaidi au mgumu zaidi? Toa sababu.